Mwongozo kamili: kupiga hesabu ya umbali na muda wa ndege kutoka Pemba na Unguja, usiachwe

Bi mkubwa mmoja wa Wete alinipigia simu siku ya Ijumaa, magharibi inaadhiniwa, yupo mlangoni mwa kiwanja cha ndege cha Unguja. Sanduku lake limefungwa kamba, ndani mna karafuu na halua ya wajukuu walioko Muscat. Tiketi ilisema Ijumaa, 02:40. Yeye aliisoma saa mbili na dakika arubaini usiku, akafika mapema kama alivyoagizwa. Ndege yake ilikuwa imeshaondoka zaidi ya masaa kumi na tano kabla.

Mimi nakatia watu tiketi hapa Chake Chake, na kisa hiki hunirudia kwa sura tofauti kila msimu. Mmoja anaambiwa na simu kuwa Unguja na Pemba ni mbali kilomita mia saba na kitu. Mwengine anaona "muda wa ndege: 5:15" akadhani ataondoka saa tano na robo. Mwengine anajua ndege inakwenda kwa nusu saa, basi anatoka nyumbani nusu saa kabla ya ndege ya pili. Hawa si watu wajinga. Hawajawahi kuonyeshwa hesabu yenyewe, hatua kwa hatua. Nimeiandika hapa yote.

Neno moja kabla ya kuanza. Katika mwongozo huu, "saa" ni saa ya ukutani: saa 5 usiku, saa 8 mchana. "Masaa" ni urefu wa muda: masaa 5 ya kukaa kwenye kiti. Najua mabwana wa sarufi hawalipendi hilo "masaa", lakini kwa mtu mwenye tiketi mkononi tofauti hiyo ina thamani ya nauli nzima.

## Vitu vya kuwa navyo

- Tiketi yako, iliyochapishwa au iliyomo kwenye simu. Usifanye hesabu kwa kusimuliwa.
- Simu yenye ramani na kikokotoo chenye alama ya kipeuo cha pili (√). Simu nyingi huionyesha ukiilaza ubavu.
- Karatasi na kalamu. Ndiyo, karatasi. Simu huzima, na karatasi inaweza kubandikwa mlangoni watu wote wa nyumba wakaiona.
- Saa ya mishale, ya mkononi au ya ukutani. Utaiona kazi yake kwenye hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni viwanja gani viwili

Kila kiwanja cha ndege kina alama ya herufi tatu, nayo ipo kwenye tiketi. Andika hizo herufi kwanza, kabla ya jina la mji.

Kiwanja cha Abeid Amani Karume, Unguja, ni ZNZ. Kiwanja cha Pemba, kilichoko Wawi nje kidogo ya Chake Chake, ni PMA. Dar es Salaam ni DAR, Nairobi ni NBO, Muscat ni MCT, Jeddah ni JED.

Sababu ya kuanza hapa ni hii: kuna mji mwengine unaoitwa Pemba, uko Msumbiji, katika jimbo la Cabo Delgado, na una kiwanja chake, alama yake POL. Mtu akiandika "Zanzibar hadi Pemba" kwenye mtandao, mara nyingi anapewa ule wa Msumbiji. Ndipo zinapotoka zile kilomita 760 zinazowatisha watu. Pemba yetu ni PMA tu.

Tahadhari: nimewahi kuletewa tiketi ya kwenda POL, mtu ameinunua mwenyewe usiku kwa simu akifikiri amepata bei ya ajabu ya kwenda kwao Mkoani. Ukishalipa, kurudishiwa ni shughuli nyengine.

Umefaulu ikiwa: una alama mbili za herufi tatu kwenye karatasi, na umezitafuta kwenye ramani ukaona alama imekaa juu ya kiwanja chenyewe.

## Hatua ya 2: Pata umbali kwa mkono wako

Unaweza kuuliza mtandao, lakini ukijua kuupata mwenyewe utakamata kosa lolote, kama lile la Pemba ya Msumbiji. Hesabu yenyewe ni ya skuli, si ngumu.

Chukua nyuzi (digrii za ramani) za kila kiwanja. Kwenye ramani ya simu, bonyeza kiwanja ushikilie kidogo. Zitatokea namba mbili. Ya kwanza ni latitudo, kwenda kaskazini au kusini ya ikweta. Ikiwa na alama ya kutoa mbele yake, ni kusini. Ya pili ni longitudo, kwenda mashariki au magharibi. Bonyeza kiwanja, si jina la kisiwa. Kwa safari fupi kama zetu, kukosea kilomita 20 ni kosa kubwa.

Hizi nimekuchukulia, zimekaribishwa kwenye desimali mbili:

- ZNZ: kusini 6.22, mashariki 39.22
- PMA: kusini 5.26, mashariki 39.81
- DAR: kusini 6.88, mashariki 39.20
- MCT: kaskazini 23.59, mashariki 58.28
- JED: kaskazini 21.68, mashariki 39.16

Tafuta tofauti ya latitudo, uizidishe kwa 111. Viwanja vyote vikiwa upande mmoja wa ikweta, toa. Vikiwa pande mbili, jumlisha. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: Unguja iko kusini na Muscat iko kaskazini, kwa hiyo ni 6.22 + 23.59 = 29.81. Anayetoa badala ya kujumlisha anapata safari fupi isiyokuwepo duniani.

Kwa nini 111? Manahodha wetu wanalijua hili kwa njia yao. Maili moja ya baharini ni dakika moja ya latitudo. Uzi mmoja una dakika 60 (hizi si za saa), basi ni maili 60 za baharini, na kila maili ya baharini ni kilomita 1.852. Zidisha upate 111.

29.81 × 111 = 3,309. Hizo ni kilomita za kwenda juu, kaskazini.

Tafuta tofauti ya longitudo, uipunguze, kisha zidisha kwa 111. 58.28 − 39.22 = 19.06. Mistari ya longitudo hukaribiana kila unapoelekea kwenye ncha za dunia, ndiyo maana inabidi kupunguza. Kiasi cha kupunguza hutegemea latitudo ya katikati ya safari. Ikiwa katikati ni kati ya 0 na 10, zidisha kwa 0.99. Karibu na 20, kwa 0.94. Karibu na 30, kwa 0.87. Karibu na 40, kwa 0.77. (Aliyesoma hesabu ataitambua kosaini.)

Katikati ya Unguja na Muscat ni kama nyuzi 9 kaskazini. Basi 19.06 × 0.99 = 18.87, na 18.87 × 111 = 2,095. Hizo ni za kwenda kando, mashariki.

Unganisha. Una pande mbili za pembetatu mraba, unatafuta upande mrefu. Zidisha kila namba kwa nafsi yake, jumlisha, kisha chukua kipeuo cha pili:

√(3,309 × 3,309 + 2,095 × 2,095) = 3,916

Umbali halisi kwa mstari wa angani ni karibu kilomita 3,900. Kwa kikokotoo cha simu hatujakosea hata asilimia moja.

Sasa jaribu mwenyewe Unguja na Pemba. Latitudo: 0.96 × 111 = 107. Longitudo: 0.59 × 0.99 × 111 = 65. Kipeuo kinakupa kilomita 125. Dar es Salaam hata kalamu haihitaji: longitudo ni karibu ileile, kwa hiyo 0.66 × 111 = kilomita 73, basi. Na kwa wanaokwenda Umra, tazama namba za Jeddah: longitudo yake na ya Unguja ni kama moja. Jeddah iko moja kwa moja kaskazini yetu, kilomita zipatazo 3,100. Mimi mwenyewe nilipoliona hilo mara ya kwanza niliacha kalamu nikaitazama ramani kwa muda.

Tahadhari mbili. Tovuti nyingi hutoa umbali kwa maili. Maili ya nchi kavu ni kilomita 1.609, kwa hiyo Muscat ni kama maili 2,430. Ukiona namba ndogo kuliko yako, tazama kwanza kipimo kabla ya kusema umekosea. Pili, hesabu hii, inayoichukulia dunia kuwa bapa, huanza kuzidisha chumvi kwa safari ndefu sana. Kwa London hutoa kama kilomita 140 zaidi kati ya 7,440. Kwa kupanga safari haidhuru.

Umefaulu ikiwa: namba yako na ya mtandao zinatofautiana chini ya asilimia mbili.

## Hatua ya 3: Geuza umbali kuwa muda wa angani

Gawa kilomita kwa mwendo wa ndege, kisha ongeza muda wa kupanda, kushuka na kutambaa ardhini. Mwendo hutegemea ndege:

- Ndege ndogo ya injini moja, zile za Caravan zinazokuja Pemba: kama kilomita 300 kwa saa. Ongeza dakika 5 hadi 10.
- Ndege ya mapanga ya ATR: kama 500. Ongeza dakika 15.
- Jeti kwa safari fupi, mfano Nairobi: 700, maana haipati nafasi ya kukimbia. Ongeza dakika 30.
- Jeti kwa safari ndefu: 850. Ongeza dakika 30.

Muscat: 3,916 ÷ 850 = 4.6. Hapa simama. 4.6 si masaa 4 na dakika 6, wala si masaa 4 na dakika 60. Ile .6 izidishe kwa 60 upate dakika 36. Masaa 4 na dakika 36, ongeza nusu saa, inakuja masaa 5 na dakika 6. Tiketi itakuandikia zaidi kidogo, tuseme 5:15, kwa sababu mashirika huhesabu tangu ndege inapoanza kusogea mpaka inaposimama kabisa, na hujiwekea akiba. Tena ndege hazifuati mstari wa rula. Zina njia zake angani na huzunguka kidogo.

Pemba kwa Caravan: 125 ÷ 300 ni dakika 25, na nyongeza inafika nusu saa. Nairobi ni kilomita 600, kwa hiyo ni masaa 1 na dakika 20 kwa jeti.

Je, upepo? Kwa jeti ya Muscat, kusi na kaskazi tunazozijua sisi ziko chini sana, hazisumbui. Kwa ndege ndogo ni habari nyengine, maana kusi huvuma kwa nguvu kwenye tabaka hilohilo la chini wanamopita. Tuseme upepo ni kilomita 40 kwa saa. Kutoka Unguja kwenda Pemba unakusukuma, zinakuwa dakika 22 hewani. Kurudi unakukabili, zinakuwa 29. Ni dakika saba tu, nazo hazimwachishi mtu ndege, lakini zinaeleza kwa nini safari ya kurudi huonekana ndefu.

Safari ya kuunganisha usiipigie mstari mmoja. Anayekwenda Jeddah kupitia Addis Ababa au Doha apige kila kipande peke yake, kisha ajumlishe na masaa ya kungoja.

## Hatua ya 4: Saa za miji miwili

Saa ya kuondoka kwenye tiketi ni ya mji unaoondoka. Saa ya kufika ni ya mji unaofikia. Kila mara, kwa kila shirika. Asiyelijua hili hupata muda wa safari usio wake.

Nairobi, Addis Ababa, Jeddah, Doha na Istanbul saa yao ni kama yetu. Muscat na Dubai wako mbele yetu kwa saa 1. India iko mbele kwa masaa 2 na nusu. London iko nyuma kwa masaa 3 wakati wa baridi, na masaa 2 tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa sababu wao husogeza saa zao.

Chukua tiketi ya mfano: ZNZ 02:40, MCT 08:55. Tofauti ni masaa 6 na dakika 15. Muscat iko mbele kwa saa 1, basi ondoa 1: masaa 5 na robo. Inalingana na hatua ya 3. Kwa kurudi, MCT 20:10, ZNZ 00:25: tofauti ni 4:15, ongeza 1, inarudi palepale 5:15.

Huu ndio uhakiki wangu ninaoupenda. Hesabu ya umbali na hesabu ya tiketi zikikutana, umeisoma tiketi sawasawa. Zikipishana kwa saa nzima, kuna mji umeukosea majira. Zikipishana kwa masaa matatu au zaidi, huenda ndege inatua pahala katikati na hukuambiwa.

## Hatua ya 5: Geuza saa ya tiketi iwe saa yetu

Hii ndiyo hatua iliyomwacha bi mkubwa wangu, kwa hiyo twende taratibu.

Tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane: 00:00 mpaka 23:59. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapotua. Tofauti ni masaa sita, daima.

- 00:00 ni saa 6 usiku
- 03:00 ni saa 9 usiku
- 05:00 ni saa 11 alfajiri
- 06:00 ni saa 12 asubuhi
- 12:00 ni saa 6 mchana
- 16:00 ni saa 10 alasiri
- 18:00 ni saa 12 jioni
- 21:00 ni saa 3 usiku

Asiyetaka kukumbuka orodha achukue ile saa ya mishale. Namba ikizidi 12, toa 12 kwanza. Weka akrabu fupi kwenye saa ya tiketi, halafu soma namba inayotazamana nayo upande wa pili wa uso wa saa. Kwa 02:40 akrabu imekaa baina ya 2 na 3. Ng'ambo yake ni baina ya 8 na 9. Ni saa 8 na dakika 40. Dakika hazibadiliki. Wazee huipenda njia hii kuliko kutoa na kujumlisha, na sijaona mtu aliyeikosea baada ya kuonyeshwa mara moja.

Kwa saa nane na dakika arubaini mchana, zetu, tiketi ingeandika 14:40. Kwa saa mbili na dakika arubaini usiku, zetu, ingeandika 20:40. Ile sifuri mbele ya 2 ndiyo inayosema kuwa ni usiku mkubwa, watu wamelala.

### Na siku je?

Hapa kuna mtego wa pili, na huu ni wa kwetu hasa. Kwa desturi yetu siku huanza magharibi. Mzee akisema "usiku wa Ijumaa" anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishatua. Kijana wake aliyezoea simu akisema "Ijumaa usiku" anakusudia Ijumaa baada ya isha. Neno karibu ni hilohilo, tofauti yake ni siku nzima. Nimeona baba na mwana wakikubaliana vizuri juu ya safari, kila mmoja na usiku wake kichwani.

Kwa hiyo usiseme "usiku wa Ijumaa" kwa safari ya ndege. Sema na andika "usiku wa kuamkia Ijumaa", na chini yake andika kwa herufi kubwa: NATOKA NYUMBANI ALHAMISI.

Kanuni ni fupi. Saa ya tiketi ikianza na 00, 01, 02, 03, 04 au 05, usiku wako ni ule unaoanza magharibi ya siku kabla ya tarehe ya tiketi.

Umefaulu ikiwa: umemsomea mtu mwengine wa nyumbani karatasi yako, naye amekutajia siku na saa ileile bila ya wewe kumsaidia.

(Waethiopia nao huhesabu saa kama sisi. Ukipita Addis Ababa ukamuuliza mpita njia saa ngapi, jibu linaweza kuwa la kwetu, lakini ubao wa ndege hufuata tiketi. Fuata ubao.)

## Hatua ya 6: Hesabu kwa kurudi nyuma, kutoka mlango wa ndege hadi mlango wa nyumba

Watu huhesabu kwenda mbele: nikitoka saa fulani nitafika saa fulani. Njia hiyo huficha mashimo. Anza na saa ya ndege kuruka, urudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ufike kwenye kizingiti cha nyumba yako. Nitatumia abiria wa Wete anayekwenda Muscat kwa tiketi yetu ya 02:40, Ijumaa.

Saa 8:40 usiku, kuamkia Ijumaa. Ndege inaondoka. Milango ya kupandia hufungwa kama dakika 20 kabla, kwa hiyo saa 8:20 ni mwisho wa yote.

Saa 7:40 usiku. Kaunta ya mizigo kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya ndege za nje. Ukifika 7:45 utaiona ndege yako kwenye kioo na hutopanda.

Saa 5:40 usiku, bado ni Alhamisi kwa tiketi. Uwe umefika kiwanjani, masaa matatu kabla. Si mengi: kuna foleni ya mizigo, ukaguzi na uhamiaji, na familia nzima za wasafiri mbele yako. Tazama kwenye tiketi ni jengo gani, maana ndege za nje na za ndani hazitumii jengo moja.

Saa 5:00 usiku. Toka ulipofikia mjini. Kutoka Ng'ambo au Mji Mkongwe hadi kiwanjani ni kilomita zisizozidi saba hivi. Mchana kuna daladala za 505, lakini usiku huo usizitegemee. Weka gari tangu mchana na umpigie dereva tena baada ya isha. Kwa anayetoka Nungwi au Makunduchi, hesabu mwendo wa dakika 90.

Saa 9:00 alasiri, Alhamisi. Uwe umeshatua Unguja kutoka Pemba. Mbona mapema hivyo, na ndege ya Muscat ni usiku? Kwa sababu ndege ndogo huweza kuchelewa au kufutwa kwa mvua, kwa ubovu, au kwa abiria kuwa wachache, na zinazokuja Pemba nyingi huruka mchana. Kanuni yangu: usipande usafiri wa mwisho wa siku kwenda kukamata ndege ya nje. Ubakishe angalau chombo kimoja nyuma yako. Wakati wa masika mimi humwambia mtu avuke jana yake, kwa boti au kwa ndege, alale kwa jamaa.

Saa 8:30 mchana. Ndege ya Pemba inaruka.

Saa 7:30 mchana. Uwe Wawi, kiwanjani.

Saa 5:30 asubuhi. Toka Wete. Ukifika Chake itakuwa adhuhuri. Salli, kula kitu, kisha Wawi. Muda huu una nafasi ya gari kungoja abiria ijae, na hungoja.

Sasa tazama kilichotokea. Ametoka Wete saa 5:30 asubuhi ya Alhamisi. Anatua Muscat 08:55 ya Muscat, ambayo kwetu ni saa 1:55 asubuhi ya Ijumaa. Ni masaa 20 na dakika 25. Muda wa ndege zote mbili ni 0:30 na 5:15, jumla masaa 5 na dakika 45. Ukimuuliza mtandao "Pemba hadi Muscat muda gani", utapewa hiyo ya pili. Ya kupangia maisha ni ile ya kwanza.

Tahadhari: ukiwa na tiketi mbili tofauti, moja ya Pemba na moja ya nje, shirika la pili halina habari kuwa la kwanza limekuchelewesha. Ukiachwa, umeachwa. Ukipata zote kwenye tiketi moja, chukua hiyo hata ikizidi bei kidogo. Na mwezi wa Ramadhani ongeza nusu saa kwa safari yoyote ya barabarani inayokaribia magharibi, maana magari huadimika watu wakikimbilia futari.

Umefaulu ikiwa: karatasi yako ina mistari isiyopungua sita, kila mmoja una siku na saa, na wa mwisho kabisa ni kutoka nyumbani.

## Hatua ya 7: Mizigo na kurudi

Mizigo haimo kwenye hesabu ya umbali, lakini huvunja hesabu ya muda. Ndege ndogo nyingi zina kikomo cha kilo 15, wakati tiketi ya Muscat inaweza kukuruhusu 30. Kwenda si tatizo kubwa. Tatizo ni kurudi: umeshuka na masanduku mawili ya zawadi, na Caravan inataka kilo 15. Panga mapema kuwa sanduku moja litapanda boti hadi Mkoani au Wete, na uwe na mtu wa kulipokea bandarini.

Tiketi yetu ya kurudi inatua Unguja 00:25 Jumamosi. Hakuna ndege ya Pemba saa hiyo. Usikate ya alfajiri ukasema utangoja kiwanjani. Kata ya saa 4 au 5 asubuhi, ulale kidogo.

Halafu mpelekee anayekupokea ujumbe. Naye atafanya kosa lilelile la tiketi: ataona "Jumamosi 00:25" na atakuja Jumamosi usiku, wewe umeshafika Wete unakunywa chai. Muandikie hivi, neno kwa neno: "Njoo kiwanjani Ijumaa, tukishasali isha. Ndege inatua saa 6 na dakika 25 usiku, wa kuamkia Jumamosi."